Ndege ya Mtumba Haina Bei Moja

Mei 2024 Rais William Ruto wa Kenya alitua Atlanta, Marekani, akiwa ndani ya Boeing 737 iliyopangwa upya ndani kwa ajili ya wakubwa, mali ya kampuni ya Royal Jet ya Abu Dhabi. Nyumbani watu walikuwa wanabishana juu ya kodi mpya, na kabla ziara haijaisha kila Mkenya mwenye simu alikuwa amegeuka mhasibu wa usafiri wa anga. Magazeti yalikadiria shilingi milioni 200. Rais akasema kwanza kwamba ndege ile ilikuwa nafuu kuliko kusafiri na Kenya Airways, kisha akafafanua kwamba kuna marafiki waliosaidia na serikali haikulipa zaidi ya shilingi milioni 10.

Tuipige hesabu hiyo taratibu. Boeing ya aina ile hukodishwa sokoni kwa kati ya dola 15,000 na 20,000 kwa saa. Shilingi milioni 10 za Kenya wakati ule zilikuwa kama dola 76,000, yaani saa tano angani, na hapo umeshapendelewa. Nairobi hadi Atlanta ni zaidi ya saa 15, tena hiyo ni kwenda tu. Kwa hiyo, kama maelezo ya rais ni sahihi, sehemu kubwa ya safari ile ililipwa na mtu mwingine. Ni nani na kwa nini, hayo ni maswali ya waandishi wa siasa. Mimi nashughulika na kitu kinachokera zaidi kwa upande wangu: mjadala mzima uliendeshwa na watu wasiojua bei ya ndege binafsi inajengwaje, wakiwamo waliokuwa wanaitetea.

Anayekodi ndege halipii safari yake peke yake. Tuseme mfanyabiashara wa Mwanza ana kikao Lubumbashi, anataka kuondoka alfajiri na kurudi jioni. Ndege inayomfaa inalala uwanja wa Wilson, Nairobi. Itaruka tupu hadi Mwanza kumchukua, itampeleka, itamsubiri, itamrudisha, kisha itarudi tupu Nairobi. Ni vipande vinne vya safari na vyote vimo kwenye ankara yake, hata viwili ambavyo hakukaa ndani. Hapo ongeza ada ya kutua na kuegesha, malipo ya wahudumu wa uwanjani, vibali vya kupita anga za nchi za watu, na kama kikao kitavuka usiku, hoteli na posho za marubani wawili. Kampuni nyingi pia zina kiwango cha chini cha saa kwa siku. Ukiruka dakika arobaini utalipishwa saa mbili.

Vipande vile vitupu ndivyo vinavyozaa ofa unazotumiwa kwenye simu: ndege inarudi Nairobi kutoka Zanzibar kesho, viti vyote kwa bei ya kutupa. Ofa ni za kweli. Ila aliyelipia safari ya kwanza akibadili mawazo, akaamua kubaki Nairobi siku mbili zaidi, na wewe safari yako imekufa. Harusi ya mtoto usiipangie usafiri wa namna hiyo.

Bei ikiwa ndogo kupita kiasi, tatizo huwa kubwa kuliko kuchelewa. Wapenzi wa soka wanamkumbuka Emiliano Sala, mshambuliaji wa Argentina aliyesajiliwa na Cardiff City akitokea Nantes kwa pauni milioni 15. Usiku wa Januari 21, 2019, klabu yake mpya ikimsubiri Wales, alipandishwa Piper Malibu, ndege ndogo ya injini moja ya pistoni. Ilianguka baharini karibu na kisiwa cha Guernsey. Wachunguzi wa Uingereza walibaini kwamba rubani hakuwa na leseni ya kubeba abiria wa kulipa, hakuwa na ruhusa ya kuruka usiku, na gesi ya kaboni monoksaidi ilikuwa inavuja kutoka kwenye mfumo wa moshi wa injini. Aliyepanga safari hiyo alifungwa miezi 18 mwaka 2021.

Mchezaji wa pauni milioni 15 alikufa katika usafiri ambao kisheria haukupaswa kumbeba mtu yeyote kwa malipo. Kwa hiyo ukikodi, kabla ya kuuliza kama kuna mvinyo na viti vya ngozi, omba uoneshwe cheti cha uendeshaji kibiashara, kile ambacho wenye kazi hiyo hukiita AOC, na uangalie kama namba iliyoandikwa mkiani mwa ndege imo ndani ya cheti hicho. Mtu akikwambia ndege ni ya rafiki yake na nyie mtachangia mafuta tu, kaa chini, kunywa chai, kata tiketi ya kawaida.

Basi kama kukodi kuna kero zote hizo, kwa nini tusinunue yetu? Ndilo swali la kila tajiri mpya, na madalali wanalijua. Nao wana jibu tayari: ndege ya abiria saba au wanane, iliyotengenezwa mwaka 2000 au hapo karibu, kama Cessna Citation Bravo, inapatikana kwa dola milioni moja na kitu. Kuna watu Dar es Salaam na Nairobi waliojenga nyumba za gharama zaidi ya hiyo. Bosi, anasema dalali, hii ni kama mpya.

Soko hilo lipo na ni kubwa, hasa Marekani, ambako zaidi ya nusu ya ndege za namna hii duniani zimesajiliwa. Hata matajiri wakubwa hununua zilizotumika. Warren Buffett, aliyewahi kuandika mengi ya kuwabeza mabosi wanaopenda ndege za kampuni, alinunulia kampuni yake ndege iliyotumika kwa dola 850,000, na mwaka 1989 akaibadilisha kwa nyingine, nayo ya mtumba, ya dola milioni 6.7. Akaipa jina la utani lenye maana ya kitu kisichoweza kutetewa. Mwaka 1998 akainunua kampuni nzima ya NetJets, inayowauzia watu vipande vya umiliki wa ndege, kwa dola milioni 725. Mtu hubadilika.

Lakini gari la mtumba kutoka Japani limetuzoesha vibaya. Tumezoea kwamba ukishalipa bandarini na kupata namba, gumu limekwisha. Ndege ya bei ya kutupa mara nyingi imetupwa kwa sababu. Kuanzia Januari 2020 Marekani ilitaka ndege zinazoruka katika sehemu kubwa ya anga yake ziwe na kifaa cha kutangaza mahali zilipo, na kwa baadhi ya ndege kuukuu gharama ya kukifunga ilikaribia thamani ya ndege yenyewe. Kabla ya hapo, mwishoni mwa 2015, sheria ya kelele iliziondoa huko Gulfstream II na III na Learjet za mwanzo zisizofungwa vizuia sauti. Ndege hizo hazikuyeyuka. Nyingine zilitafutiwa wanunuzi kwenye nchi zisizo na sheria hizo.

Kuna mfano mmoja unaosema yote. Gulfstream IV, aina aliyokuwa akiruka nayo Rais Museveni wa Uganda kabla ya kuletewa G550, miaka ya 1990 ilikuwa ndoto ya kila bilionea. Leo nyingi zinachinjwa ili ziuzwe vipuri, maana kuzifanyia ukarabati mkubwa injini zake mbili za Rolls-Royce Tay kunaweza kugharimu kuliko ndege nzima. Ukiiona moja inauzwa rahisi, uliza kwanza injini zimebakiza saa ngapi. Rahisi ni ghali. Hapa msemo huo una ankara nyuma yake.

Ndiyo maana kazi halisi ya kununua ndege haifanyiki kwenye zulia jekundu. Inafanyika karakanani, mara nyingi kwa wiki kadhaa, na mnunuzi ndiye anayelipia. Desturi ya biashara hii ni kwamba anayenunua hulipa gharama ya ukaguzi, na anayeuza hulipia matengenezo ya kasoro zinazoizuia ndege isiruke salama. Karakana ichaguliwe na mnunuzi, isiwe ile iliyokuwa inaihudumia ndege miaka yote, kwa sababu fundi hawezi kuandika kwa furaha kwamba kazi yake ya mwaka jana ilikuwa mbovu.

Fundi akianza, anakwenda sehemu ambazo mnunuzi hawezi kuzifikiria. Anang'oa sakafu chini ya choo na chini ya lile jiko dogo la kahawa pale mlangoni. Kwa miaka ishirini kahawa imemwagika hapo, barafu imeyeyuka, dawa ya bluu ya choo imevuja kidogokidogo, na vyote vimetiririka hadi kwenye mbavu za alumini zinazobeba sakafu. Kutu ya alumini haina wekundu wa kutu ya chuma. Ni unga mweupe, kama chumvi iliyokauka, na rangi inavimba vipele vidogo juu yake. Anapita na tochi na kioo chenye mkono mrefu, anakwangua, anapima kina. Ubavu mmoja ukiwa umeliwa kupita kiwango, ndege inaweza kulala hapo miezi ikisubiri kipande kitengenezwe.

Halafu injini. Haifunguliwi yote. Kuna vitundu maalumu pembeni mwake, na humo fundi anaingiza kamera nyembamba mwishoni mwa waya unaopinda. Kwenye skrini yanaonekana mapanga moja baada ya jingine, mtu mwingine akizungusha injini kwa mkono polepole. Wanatafuta panga lililopata pengo kwa jiwe lililomezwa uwanjani, ufa kwenye kingo, sehemu iliyoungua ikawa na rangi ya majivu. Panga moja lenye ufa linatosha kubadilisha bei ya ndege kwa mamia ya maelfu ya dola, na anayekaa kwenye meza ya majadiliano bila picha ile anauziwa mbuzi kwenye gunia.

Baada ya hapo ndipo yanakuja masanduku. Ndege ina vitabu: cha bodi, cha kila injini, cha mtambo mdogo wa umeme ulioko mkiani. Kila tairi lililobadilishwa, kila boliti muhimu, kila radi iliyoipiga imeandikwa, ikatiwa saini na namba ya leseni ya fundi. Vifaa vyenye ukomo wa maisha, kama sahani za injini na sehemu za miguu ya kutua, lazima historia yao ifuatiliwe hadi siku vilipotoka kiwandani. Kimoja kikikosa karatasi kinahesabiwa kimekufa, hata kama kinang'aa. Kitabu cha miaka mitano kikipotea, kwa moto, kwa mafuriko au kwa talaka ya mmiliki wa zamani, thamani ya ndege inaweza kushuka kwa robo na zaidi. Nadhani hapa ndipo wanunuzi wetu wengi wangeingizwa mjini. Sisi huangalia kitu. Ndege kuukuu husomwa.

Kuna karatasi nyingine ambazo fundi hazijui, hizo ni za mwanasheria. Ndege ni mali inayotembea, na madeni hutembea nayo. Agosti 2024 mahakama ya Ufaransa iliruhusu ndege tatu za serikali ya Nigeria zizuiwe kwa ajili ya deni ambalo kampuni ya Kichina ya Zhongshan iliidai Nigeria kutokana na mgogoro wake na jimbo la Ogun. Mojawapo ilikuwa Airbus A330 ambayo Nigeria ilikuwa ndiyo kwanza imeinunua ikiwa imetumika, kwa matumizi ya rais. Kampuni hiyo iliiachia baadaye, ikisema ni kwa nia njema, ili Rais Bola Tinubu aweze kwenda kukutana na Emmanuel Macron. Dola milioni 100 zimelipwa, na bado ndege inaruka kwa hisani ya anayekudai.

Kwa anayenunua kutoka kwa mtu binafsi hatari inatoka upande wa pili: deni la muuzaji. Mkataba wa Cape Town wa mwaka 2001 uliunda daftari la kimataifa, linalotunzwa Dublin, Ireland, ambamo wenye haki juu ya ndege na injini huandikisha madai yao. Kenya na Tanzania zimo katika mkataba huo. Injini huandikwa peke yake, na ni kwa sababu nzuri: hutolewa, huazimwa, hufungwa kwenye ndege nyingine, na siku moja benki usiyoijua inakuja kudai nusu ya ulichonunua. Fedha nazo hazitumwi kwa muuzaji moja kwa moja. Hukaa kwa mtu wa kati, mara nyingi Oklahoma City, uliko usajili wa ndege wa Marekani, hadi hati zote zikubaliwe siku hiyohiyo.

Tuseme umevuka yote, ndege imefika. Sasa inakutana na Afrika Mashariki. Wilson iko mita karibu 1,700 juu ya usawa wa bahari na njia zake za kurukia zina kama kilomita moja na nusu. Hewa nyepesi na joto la mchana humaanisha injini inapata nguvu kidogo na ndege inahitaji njia ndefu zaidi, kwa hiyo unapunguza abiria au mafuta. Ukipunguza mafuta, unapunguza safari. Citation Bravo yenyewe hufika kama kilomita 3,000. Dar es Salaam hadi Dubai ni karibu 4,000. Yule aliyenunua ndege ili aende Dubai bila kusumbuliwa atatua njiani kuongeza mafuta, huku ndege za abiria zikimpita juu zikienda moja kwa moja.

Seronera nako, katikati ya Serengeti, njia ni ya changarawe, na mawe hayo yakimezwa na injini ya jeti ndiyo yale mapanga ya kwenye kamera. Ndiyo maana biashara ya mbugani imeshikwa na ndege za panga la mbele, Cessna Caravan na Pilatus PC-12, na Flying Doctors wa AMREF, ambao wamekuwa wakiruka tangu 1957, hutumia PC-12 kufika mahali ambapo jeti haithubutu. Pwani kuna adui wa kimya, upepo wa chumvi. Ndege inayolala nje Zanzibar au Mombasa bila kuoshwa na bila hanga inazeeka kwa kasi ambayo vitabu vyake havikuitarajia.

Na iandikishwe wapi? Mkia ukiwa na 5H ni Tanzania, 5Y ni Kenya, 5X ni Uganda. Ukiona M na kistari ni Isle of Man, T7 ni San Marino, na wamiliki wake huenda hawajawahi kufika huko. Uamuzi huo una uzito. Juni 2025 Umoja wa Ulaya uliziweka kampuni zote za ndege zenye vyeti vya Tanzania kwenye orodha ya zisizoruhusiwa kuruka katika anga yake, na za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zimo humo tangu 2006. Mmiliki aliyepanga kuikodisha ndege yake kwa safari za Ulaya chini ya cheti cha Tanzania ili ijilipe yenyewe, mpango huo uliishia siku ile, hata kama ndege yake ni safi kama pamba.

Serikali zetu zimeyapitia haya mbele ya macho ya watu. Tanzania ilipoamua kumnunulia rais Gulfstream G550, ndege mpya ya takriban dola milioni 40, Waziri wa Fedha Basil Mramba alisema itanunuliwa hata ikibidi wananchi kula nyasi, na kauli hiyo ilimfuata maisha yake yote. Malawi walichukua ya mtumba. Rais Bingu wa Mutharika alinunua Dassault Falcon 900EX mwaka 2009. Uingereza ikakasirika na kukata pauni milioni 3 za misaada. Mrithi wake, Joyce Banda, aliiuza mwaka 2013 kwa dola milioni 15 kwa kampuni iliyosajiliwa Visiwa vya Virgin, akasifiwa dunia nzima. Baadaye zikazuka kelele nchini mwake kuhusu fedha hizo zilikokwenda. Kwa maoni yangu sifa na lawama zote zilikosa shabaha. Hakuna aliyeuliza hadharani swali ambalo kampuni yoyote ingeanza nalo: rais anaruka saa ngapi kwa mwaka?

Ndilo swali pekee linaloamua. Marubani wawili wanalipwa ndege ikiruka isiruke. Kila mwaka wanapelekwa kwenye mashine za mafunzo, Afrika Kusini, Dubai, Ulaya au Marekani. Bima inalipwa, hanga linalipwa, ukaguzi wa kalenda unafika hata kama ndege imelala miezi sita. Kwenye ndege ndogo kabisa, gharama hizi za kulala peke yake hufika mamia ya maelfu ya dola kwa mwaka kabla hujaweka lita moja ya mafuta. Ukizigawanya kwa saa 300, zinavumilika. Ukizigawanya kwa saa 60, kila saa inakugharimu kuliko kukodi ndege kubwa zaidi, mpya zaidi, yenye marubani ambao matatizo yao si yako.

Kwa hiyo chukua daftari la safari zako za mwaka uliopita, wewe au kampuni yako au wizara yako, na ujumlishe saa za angani. Zikiwa chini ya 50, kodi, tena mara chache. Zikiwa kati ya 50 na 200, fanya mkataba wa mwaka na kampuni yenye AOC na upate bei ya mteja wa kudumu. Ukizidi 200, na safari zako nyingi ni za umbali ambao ndege unayoitaka inaufikia bila kutua njiani, hapo ndipo utafute mtumba, ukianza na mwanasheria na fundi kabla ya dalali. Wengi wa wanaoulizia bei za ndege hizi hapa kwetu wako chini ya 50.